Jina la Mwanvita Asivishwe Mtoto

Sogeeni karibu, wanangu. Pili, kaa hapa mkono wangu wa kulia, na wewe Mansuri, vuta kile kigoda uketi mahali ninapoweza kukuona bila kugeuza shingo, maana shingo nayo imeanza kuniaga. Mlango uacheni wazi. Ukungu ukitaka kuingia na uingie. Nimeishi nao maisha yangu yote na hauwezi kunitenda leo zaidi ya ulivyokwisha kunitenda. Shakila yuko jikoni, na mwacheni huko huko, kwa kuwa nitakayoyasema yanamhusu yeye, na si adabu mtoto asikie watu wazima wakimgawana.

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Adamu majina kabla hajamfundisha kazi yoyote ya mikono, ili sisi wazao wake tujue kwamba jina la mtu ni amana na si vazi la kupokezana. Nimewaita kwa jambo hilo moja. Mengine nitayagusa nikipita.

Mjomba wenu Sufiani, mtoto wa mama yangu mdogo na mkubwa wa lukolo letu, ukoo wetu wa upande wa mama, alipanda hapa Ijumaa baada ya swala, akakaa pale pale ulipokaa, Mansuri, akasema kwamba nikishazikwa, kabla matanga hayajaanuliwa, Shakila atavishwa jina langu. Nanyi mlikuwapo. Pili, wewe ulinyamaza kwa furaha. Ndugu yako alinyamaza kwa hasira. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya hofu, na hofu yangu ndiyo ambayo hakuna aliyeiona. Leo ninayo pumzi ya kuisema. Namkataza Sufiani, nakukataza wewe, Pili, mama yake, nawakataza wote wenye damu yangu: jina la Mwanvita asivishwe mtoto huyu. Na ili msidhani kuwa ni uchungu wa ugonjwa unaosema, nitawaeleza jina hilo lilinijiaje.

Sikuzaliwa Mwanvita. Nilizaliwa Mosi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kufungua tumbo la mama yangu, Sikudhani, kule juu kwetu ambako jua hulitafuta shamba mpaka karibu na adhuhuri. Mwanvita alikuwa bibi yangu, mama yake mama. Ndiye aliyeleta sindano za kufumia katika nyumba yetu. Alijifunza kwa watawa wa misheni aliokuwa akiwapelekea mboga na magimbi, akawa wa kwanza upande ule wa mlima kuwavika watoto sufu wakati wengine wakiwakumbatisha watoto wao moto. Nilimpenda. Alinukia moshi na majani ya mchaichai. Akafa mwezi wa baridi, nami nikiwa mdogo, meno ya mbele hayajaota tena.

Mnajua desturi yetu, ingawa ninyi wa siku hizi mmeiona kwa mbali. Mwanamke mkubwa wa ukoo akifa, jina lake haliachwi litangetange. Huchaguliwa mtoto wa kike wa tumbo lile, hupakwa unga wa mtama kwenye kipaji, huketishwa kwenye kigoda cha marehemu, na tangu hapo yeye ndiye. Hawasemi kwamba amefanana naye wala kwamba amemkumbuka, husema ndiye. Hupewa shamba lake na heshima yake. Siku ile waliniketisha mimi. Nilipoinuka, mama yangu, mama aliyenizaa, alipiga magoti mbele yangu akasema, "Shikamoo, mama." Nikacheka, nikidhani ni mchezo. Hakucheka. Na tangu asubuhi ile mpaka alipofumba macho, Sikudhani hakuniita mwanangu hata mara moja.

Nyamaza, Pili, usinifute machozi, hayo ni ya siku nyingi.

Babu yangu Pazi, mume wa Mwanvita, alikuwa akiniita "mke wangu" kwa utani, kama babu wote wafanyavyo, akija akaniuliza, "Mke wangu, leo umenipikia nini, au umeninunia tena?" nami nikamjibu, "Nimekunyima, kazeeke huko!" na nyumba nzima ikaangua kicheko. Baada ya unga wa mtama, utani ule ulikufa. Aliniuliza kwa sauti ya mtu mzima anayezungumza na mtu mzima, kisu kimewekwa wapi, mbegu za maharage zimefungwa kwenye nini. Na ajabu ni kwamba wakati mwingine nilijua.

Chakula nacho kikabadilika. Mimi Mosi nilikuwa mlafi wa boga. Boga la kuchemsha, lenye chumvi kidogo, lililopoa. Mwanvita hakulila, lilikuwa mwiko wake. Wakaliondoa mbele yangu wakaniletea magimbi na mlenda, vitu ambavyo yeye alivipenda, wakanitazama mpaka nimalize, nao wakitabasamu kama watu waliompata msafiri wao.

Kisha wakaniletea kikapu. Kilikuwa kimetundikwa juu ya jiko, cheusi kwa moshi, na ndani yake mlikuwa na sweta dogo la mtoto, sindano zikiwa bado zimelichoma, mkono wa kushoto haujaisha. Sikuambiwa la nani. Niliambiwa tu: "Kazi uliyoianza, imalize." Wanangu, sikuwahi kushika sindano. Bibi alikuwa hajanifundisha, alisema vidole vyangu vilikuwa bado laini kama ute. Nikazishika, nikaketi, na vidole vikaenda. Kitanzi juu ya kitanzi, vilikwenda kama maji ya kijito yanavyojua yapite wapi kati ya mawe. Wazee wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nikitazama mikono hiyo kama mtu anavyotazama mikono ya mtu mwingine ikichambua mchele. Na mkono wa sweta, wa kushoto, ukaisha ukiwa mfupi.

Hayo mnayajua mwisho wake. Mmevaa sweta zangu utoto mzima. Mansuri, shuleni walikuita nusu mkono, ukaja ukilia, ukaniambia, "Mama, huwezi kupima?" Nilipima, baba. Nilipima kwa uzi, nilipima kwa kipande cha tete, nilifumua nikarudia, na kila mara wa kushoto ulikuja mfupi kwa urefu wa kiganja cha mtoto. Watu wa juu walipoziona walisema, "Huo ni mkono wa Mwanvita," wakafurahi. Sikuwahi kufurahi.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye uzito. Siku moja ya mvua, babu Pazi alikuja akaketi mbele yangu, nami nikifuma. Alilia. Akasema, "Mwanvita, nisamehe kwa ajili ya yule mtoto tuliyemzika. Uliniambia nisimtoe nje kwenye ile baridi, nikakujibu kwamba mtoto wa kiume halelewi kwenye majivu. Nisamehe, sitaki kufa hivi." Ndipo nikajua sweta lile lilikuwa la nani, na kwa nini halikumalizwa. Nami ningefanya nini? Nilikuwa kitoto. Nilitaka tu aache kulia. Nikamwekea mkono kichwani kama nilivyoona wakubwa wakifanya, nikasema, "Nimekusamehe." Akashukuru, akaenda zake mwepesi, na haukupita muda naye tukamzika.

Lakini msamaha ule ulikuwa wa nani? Nimesoma, wanangu. Baba yangu, maalimu, alinifundisha Kurani kabla sijajua kusuka ukili, na fiqhi nilisoma mpaka wanaume walikuja kuniuliza wakiwa nje ya pazia. Najua kwamba haki ya mja haisamehewi na mwingine. Najua kwamba baina ya waliokufa na sisi pana kizuizi, barzakh, na hakuna roho inayokivuka kurudi kutafuta sindano zake. Ninaamini hivyo, na nitakufa nikiamini hivyo. Hata hivyo tangu siku ya msamaha ule, kila alasiri ukungu unaposhuka kutoka kilele cha Bondwa na ndege wakanyamaza wote kwa pamoja, nimesikia upande wa pili wa jiko mtu akiketi. Hasemi. Hajawahi kusema. Hutazama mikono yangu. Marehemu baba yenu aliponioa na kunishusha hapa juu ya Bigwa nilidhani nimemwacha huko. Alasiri ya kwanza katika nyumba hii niliweka sufuria ya mboga jikoni, nikainua macho, nikajua kwamba nilikuwa nimehama naye.

Kwa hiyo nilijifunza kuishi. Msinihurumie sana, sikuishi vibaya. Nimekula mchicha wa bustani yangu, nimepika kisamvu kwa karanga mpaka majirani wakajikaribisha wenyewe, nimekaa barazani na donge la uzi mapajani nikiwatazama mbega wakishuka kwenye miti ya kijitoni na mikia yao myeupe kama mashekhe wa Idi. Hondohondo walipopita kwa kelele za mabawa niliwajua mmoja mmoja. Mungu amenipa mengi ya kutazama. Ila sikuwahi kuyatazama peke yangu.

Mansuri, umekuwa ukisema mambo haya ni ushirikina, na unamwita mjomba wako kwa maneno ambayo mtoto hamwiti mjomba. Acha. Sufiani hakukosa upendo, amekosa kujua. Tumegombana naye tangu tukiwa na makamasi, naye ndiye aliyenibebea kuni msimu wote nilipovunjika mguu. Ijumaa alinishikia lile sweta jekundu la Shakila, la kwanza kulifuma mwenyewe, akaliinua kwenye mwanga wa mlango.

"Dada," akasema, "mtoto amekwisha kuchaguliwa. Tazama mkono wa kushoto. Nani aliyemfundisha?"

Nikamwambia, "Sufiani, tangu lini umekuwa fundi wa sweta, wewe ambaye hata kifungo hushonewa?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Ulimi wako, dada, utazikwa wa mwisho." Lakini hakuliweka chini lile sweta.

Nami nilicheka kwa mdomo tu. Maana alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimfundisha Shakila kufuma skafu, vitu vya kunyooka, mistari mitupu. Mikono ya sweta nilimficha makusudi, kwa kuogopa jambo lile lile. Alijifunza akiwatazama wengine huko Mkuyuni alipokaa na baba yake. Na mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kwa kiganja cha mtoto.

Jumamosi nilimwita. Nikalikunjua lile sweta, nikamwonyesha mkono wa kushoto. "Mjukuu wangu, huu umepungukiwa uzi?"

"Hapana, bibi. Nimeufupisha."

"Nani kakwambia ufupishe?"

Akanitazama kama ninavyowatazama ninyi mnapouliza mambo ya wazi. "Mimi si shoto, bibi? Nikikoroga uji mkono unalowa. Mama ananigombeza."

Pili, mwanangu, usicheke, au cheka, ni vizuri nikikusikia. Ndiyo. Kumbe ukoo mzima ulikuwa umejikusanya kumsimika marehemu juu ya mtoto asiyetaka kulowesha sweta lake kwenye uji. Nilimkumbatia. Nikamwambia anipikie boga. Akauliza, "Si mwiko wako, bibi?" Nikamwambia, "Ni mwiko wa mtu mwingine." Akalichemsha, akatia chumvi na tui kidogo la nazi, akaliacha lipoe kama nilivyomwelekeza, nami nikala. Maisha yote haya. Nikala mpaka kipande cha mwisho. Na alasiri ile aliyezoea kuketi akaketi, lakini kwa mara ya kwanza hakutazama mikono yangu. Alimtazama Shakila.

Sasa mmeielewa hofu yangu. Huenda mtu akasema, na Mansuri utasema, kwamba ni fikra za kikongwe aliyefungiwa jina la maiti akiwa mdogo, akamwona maiti kila mahali. Yawezekana. Mimi mwenyewe si shoto na bado sijui kwa nini mikono yangu ilifuma ilivyofuma. Lakini pimeni hivi: ikiwa si kweli, mtamvika mtoto uongo, naye ataubeba kama nilivyoubeba, aitwe mama na wewe mama yake, asamehe watu ambao hawakumkosea, ale asichokipenda huku akitazamwa. Na ikiwa ni kweli, mtamvika maiti. Hakuna njia ya tatu.

Nipe maji, Mansuri. Kidogo. Inatosha.

Pili, najua ulichonyamazia. Shamba la juu huenda na jina. Atakayekuwa Mwanvita ndiye atakayelima kule, na wewe tangu utoke kwa mumeo huna mahali pa kuchimba gimbi. Ulimwambia jirani, nami nilisikia, "Mama akikataa, nitalima wapi, kwenye zege?" Ni swali la haki. Lile shamba si langu kuligawa, ni la lukolo. Sufiani na ampe mwanamke mwingine wa tumbo letu, na asiambatanishe jina. Majaruba ya mpunga ya Dakawa na ile mifenesi ya barabara ya Matombo, niliyoyachuma mimi na baba yenu, yagawanywe kama Sheria ilivyosema, wala msiongeze hekima yenu juu yake. Nyumba hii, na bustani yake mpaka kijitoni, natamani iwe yako. Lakini mnajua, maana niliwafundisha wenyewe, kwamba wosia haumfai mrithi isipokuwa warithi wenzake waridhie. Ridhaa yenyewe ina uzito nitakapokuwa nimeondoka. Mimi nataka tu niende nimeisikia. Mansuri. Dada yako asimuuze mwanawe kwa kipande cha ardhi. Unaridhia?

Sema kwa kinywa, baba, kichwa kikitikiswa sioni vizuri.

"Nimeridhia, mama. Nyumba ni ya Pili."

Mungu akuridhie. Na wewe, Pili, usimjibu kitu sasa hivi, mtaharibu. Mshike tu mkono.

Yaliyobaki ni machache. Miti ya kijitoni msiikate. Mkiikata maji yatakwenda, na mbega watakwenda, na mtabaki na mawe. Sweta lililo kwenye sindano pale, lile la kijani, lifumuliwe. Lote. Uzi wake Shakila afanyie apendalo, hata amfungie mbuzi, lakini asiachiwe mtu yeyote kazi yangu ya kumalizia. Kigoda changu kaeni mtakavyo, hicho ni kigoda tu, na kitakuwa kigoda zaidi mkikikalia kwa fujo. Na bibi yangu, Mwanvita, yule wa kwanza, msimsahau. Nimemfikiria sana siku hizi. Tulimfanyia ubaya yeye vilevile: hatukumwacha awe amekufa. Hakuna aliyemsomea dua kwa jina lake, kwa kuwa kila aliyelitaja jina hilo aligeuka kunitazama mimi. Mwombeeni. Pikeni uji, waiteni watoto, semeni: huu ni wa marehemu Mwanvita, Mungu amrehemu. Marehemu. Hilo neno hajapewa bado.

Msinipandishe juu. Nizikeni hapa Bigwa, kwa baba yenu.

Na hili ndilo la mwisho, ndilo nililokuwa nikilikusanyia pumzi. Atakayeketi kichwani pa kaburi kunisomea talqini ni maalimu Luqmani. Nimekwisha kumwambia, lakini ni mwanafunzi wangu na ana tabia ya kusahau. Humwita maiti kwa jina lake na jina la mama yake, mbele ya wale malaika wawili, ili ajue kwamba ni yeye anayeulizwa. Simameni karibu naye. Asiseme Mwanvita. Mwanvita alikwisha kuitwa, akajibu yake, zamani sana. Msimwamshe aje kujibu yangu. Nami msiniache nimelala hapo nikisikia akiitwa mwingine. Aseme: Ewe Mosi, binti Sikudhani. Hivyo tu. Mama hakuwahi kuniita tena. Ardhi na inisikie nikiitwa mwana wake.

Nawapa radhi zangu, nyote wawili, bila kubakiza. Mungu awape macho ya kuona kila mtoto alivyo, awatilie baraka katika chungu na katika kisima, awapatanishe kabla ya jua kuzama kila mnapokosana, na akukutanisheni nami mkiwa na majina yenu wenyewe.

Ukungu umeingia. Au ni macho. Hapana, msifunge.

Nina ombi dogo. Hakuna aliye hai anayelijua jina lile kwa ulimi wake, na mimi nimekaa mno bila kulisikia. Naogopa nikiitwa kule nitachelewa kuitika. Nizoezeni. Pili, niite. Usiseme mama. Jina.

...

Umeita? Nimesikia, lakini limepita kama wanavyomwita mtoto wa nyumba ya pili. Sauti juu kidogo. Wewe pia, Mansuri, msione haya.

...

Tena.

...

Abee.